Ghala Lisilo na Daftari

Ukimwambia mtu wa Nairobi unaenda Samburu, atadhani unaelekea kaskazini, kwa shanga, ngamia na tembo. Samburu ninayoisema hapa ni nyingine. Hii iko Kwale, kando ya barabara kuu ya Mombasa, baada ya Mariakani na kabla hujafika Taru. Matatu na malori yanasimama, watu wananunua maji na mahindi ya kuchoma, wanaondoka. Reli ya Waingereza iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilipita hapa. SGR nayo inapita nchi hiyohiyo tangu 2017, kwa kasi ambayo haikuachii hata muda wa kusoma kibao. Wenyeji ni Waduruma, mojawapo ya makabila tisa ya Wamijikenda.

Wengi wetu tumepita hapo mara kumi bila kujua kwamba tumekata nchi yenye ghala la maajabu. Sisemi hivyo kwa kupamba. Unalijua pango la Ali Baba: mlango usiofunguka bila neno maalum, hazina ndani, laana kwa mwenye tamaa. Michezo ya kompyuta na filamu za siku hizi zimelijenga pango hilohilo upya mara elfu, zikaliita maktaba ya wachawi, hekalu lililozama, chumba cha mfalme. Tunalipia kutazama. Na huku kwetu, kutoka mpaka wa Tanzania hadi Kilifi, kuna misitu kadhaa yenye kila kitu ambacho hadithi hizo zinahitaji: malango, walinzi, vitu vya nguvu vilivyofukiwa, sheria za kuingia, wezi, na hata watu wa mbali wanaotaka kuchimba. Misitu hiyo inaitwa kaya.

Neno kubwa, maana ndogo

Kaya, kwa Kiduruma na kwa lugha nyingine za Kimijikenda, ni nyumbani tu. Mtu akimaliza shughuli zake sokoni jioni, anaenda kaya. Kwa hiyo tunapozungumzia "misitu mitakatifu ya kaya" tunazungumzia nyumbani palipoachwa, pakaota msitu, lakini hapakusahauliwa.

Masimulizi ya wazee yanasema Wamijikenda walitoka Singwaya, kaskazini, wakikimbia vita, wakashuka hadi kwenye vilima na mabonde ya nyuma ya pwani. Huko walijenga miji katikati ya misitu mizito. Mji ulikuwa uwanja wa mviringo uliozungukwa na miti, na njia za kuingilia zilikuwa chache na nyembamba, kila moja na lango lake. Katikati palikuwa na moro, mahali wazee walipokutana kuamua mambo. Kila ukoo ulikuwa na upande wake. Makaburi yalikuwa humohumo.

Wanahistoria wamebishana sana kuhusu Singwaya. Thomas Spear, katika kitabu chake cha 1978, aliyachukulia masimulizi hayo kama historia inayoweza kufuatiliwa. Justin Willis, mwaka 1993, akasema taratibu jamani: hata hilo jina "Mijikenda" lilishika katikati ya karne ya 20, watu walipokuwa wakijitafutia sauti moja mbele ya serikali ya kikoloni na mbele ya Mombasa. Wachimbuaji wa mambo ya kale nao wameonyesha kwamba nyuma ya pwani hii paliishi wakulima na wafua chuma karne nyingi kabla ya tarehe zinazotajwa kwa safari ya kutoka Singwaya. Kwa maneno mengine, ghala hili linabishaniwa hata mlangoni. Lakini angalia jambo moja: anayeweza kubishana kuhusu asili ya kitu anakubali kwanza kwamba kitu kipo.

Vilivyofukiwa

Kitu cha kwanza ndani ya ghala ni fingo. Ni kinga, kago la mji mzima. Inasimuliwa kwamba mababu walikuja nalo kutoka Singwaya na kulifukia ndani ya kaya ili adui asipaone mji, na maradhi yasipate njia. Mahali halisi lilipofukiwa panajulikana na wazee wachache. Haulizi mtu, haonyeshwi mtu. Kaya bila fingo ni msitu wa kawaida tu. Kaya yenye fingo ni mji, hata kama hakuna nyumba hata moja iliyobaki.

Cha pili ni mwanza, ngoma ya siri. Sauti yake inasikika, lakini anayepaswa kuiona ni aliyeingizwa katika daraja lake. Cha tatu ni makaburi na koma, roho za waliotangulia, ambazo kwa wengine husimamishiwa vijiti vidogo vya kumbukumbu. Cha nne, hasa kwa Wagiriama na majirani zao, ni vigango.

Kigango ni ubao mrefu uliochongwa kwa mti mgumu, mara nyingi mrefu kuliko mtu, wenye kichwa cha duara na mwili uliojaa pembetatu ndogondogo. Hakichongwi kwa kila marehemu. Kinachongwa kwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima na uwezo. Marehemu huja ndotoni au huleta balaa kwa watu wa nyumba yake mpaka wamchongee. Kikishasimikwa, hakihamishwi. Familia ikihama, kigango kinabaki palepale, kinaliwa na mchwa na mvua, na hiyo ndiyo haki yake. Kuoza ni sehemu ya kazi yake.

Sasa hapo ndipo ghala hili linapotofautiana na makumbusho unayoyajua. Makumbusho yanahifadhi kitu kwa kukizuia kisife. Kaya inahifadhi kitu kwa kukiacha mahali pake mpaka kimalize muda wake. Makumbusho yana daftari: namba, tarehe, aliyetoa, ukubwa kwa sentimita. Kaya haina daftari. Ina wazee.

Baruti

Mzungu wa kwanza kuandika kwa urefu kuhusu nchi hii alikuwa Johann Ludwig Krapf, mmisionari aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kufungua kituo Rabai, jirani kabisa na Waduruma, mwaka 1846. Lakini utawala wa Kiingereza ulipokuja, haukuja kusikiliza hadithi. Ulitaka kodi na vibarua.

Mwaka 1913 Wagiriama, wakiwemo wale waliohamasishwa na Mekatilili wa Menza, walikula viapo kwenye Kaya Fungo kwamba hawatatoa vijana wao wala kumtii mzungu. Waingereza wakaelewa kitu muhimu: nguvu ya watu hawa haikuwa ikulu wala jeshi, ilikuwa msitu. Basi Agosti 1914 wakailipua kaya kwa baruti.

Fikiria kidogo. Serikali yenye bunduki, meli na reli inaona haja ya kutumia baruti dhidi ya miti, malango na kitu kilichofukiwa ambacho hawakukiona kamwe. Wao wenyewe waliita mambo hayo ushirikina. Lakini hakuna anayelipua ushirikina. Unalipua kile unachojua kinafanya kazi.

Hata hivyo watu walikuwa wameanza kutoka kwenye kaya muda mrefu kabla ya hapo. Karne ya 19 biashara ilikua, hofu ya vita ikapungua, familia zikasambaa kutafuta mashamba na malisho. Waduruma, wenye mifugo yao, wakasambaa kwenye nyika kavu kuelekea Samburu na Taru. Kufikia miaka ya 1940 hakuna kaya iliyokuwa inakaliwa tena kama mji. Zikabaki makaburi, moro, fingo, na wazee wanaorudi kuomba mvua na kuondoa balaa. Kwa Waduruma, majina makubwa ni Kaya Mtswakara na Kaya Gandini, zote Kinango, chini ya nchi kavu ninayoisema.

Wezi arobaini

Kila hadithi ya hazina ina wezi. Wetu walikuja na pikipiki na vitenge vya kufungia mizigo.

Kuanzia miaka ya 1970, vigango vilianza kupotea usiku. Kijana anayetafuta hela anang'oa kimoja, anakipeleka kwa mchuuzi, mchuuzi anakiuza kwenye duka la vinyago Mombasa au Nairobi, na baadaye kinaonekana kwenye nyumba ya sanaa Los Angeles au New York, kimesafishwa, kimewekewa taa. Njiani kimepoteza jina la mtu kiliyemkumbuka, na bei yake imepanda.

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa amesimama kando ya vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake. Muda mfupi baadaye vigango vyote viwili vikaibiwa. Mwaka 1999, kwenye mkutano wa wasomi Marekani, Udvardy akaona kwenye picha za mtoa mada kigango kimoja kati ya vile viwili. Kilikuwa kwenye mkusanyiko wa chuo kikuu kimoja Illinois. Cha pili alikipata baadaye kwenye makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Yeye na mwenzake Linda Giles wakaanza kuhesabu, wakakuta mamia ya vigango kwenye makumbusho ya Marekani. Kile cha Illinois kilirudi Kenya 2006, kile cha Hampton 2007. Viliweza kurudi nyumbani kwa mwenyewe kwa sababu moja tu: picha ile ya 1985.

Vingine havikuwa na bahati hiyo. Makumbusho ya Denver yalikuwa na vigango 30, vilivyotolewa mwaka 1990 na mwigizaji Gene Hackman na mtayarishaji filamu Art Linson. Mwaka 2014 makumbusho yakaamua kuvirudisha. Vilifika Nairobi mwaka 2019, na ikaripotiwa kwamba vilikwama uwanja wa ndege kwa sababu ya madai ya ushuru. Mababu wanarudi nyumbani, wanaambiwa walipe forodha. Mwaka 2023 Makumbusho ya Jimbo la Illinois nayo yakarudisha vigango 37.

Na hapa ndipo uchungu wenyewe ulipo. Vingi kati ya vilivyorudi haviwezi kwenda popote. Aliyeviuza hakuandika vilitoka boma gani, kwa nani. Kule Marekani vilipewa namba lakini havikuwa na majina. Huku pwani majina yapo, lakini hakuna namba ya kuyaunganisha. Kwa hiyo kigango kinatoka stoo ya Denver kinaingia stoo ya Nairobi. Kwa sheria kimerudi. Kwa marehemu mwenyewe, bado yuko safarini.

Hazina iliyo chini

Sasa shuka kusini, pita Ukunda na Msambweni, karibu na Lunga Lunga. Kuna kilima kinaitwa Mrima. Juu yake ni msitu, na ndani ya msitu ni kaya ya Wadigo. Chini yake, wanajiolojia wanasema, kuna niobi na madini adimu yanayotumika kwenye chuma kigumu na vifaa vya elektroniki. Julai 2013 kampuni ya Cortec ilitangaza kwamba madini adimu ya hapo yana thamani ya dola bilioni 62.4. Mwezi uliofuata waziri wa madini, Najib Balala, akafuta leseni. Kampuni ikaishtaki Kenya kwenye baraza la kimataifa la usuluhishi, na Oktoba 2018 ikashindwa. Wasuluhishi walisema leseni haikuwa imepatikana kihalali, kwani masharti ya mazingira na ya maeneo yaliyolindwa hayakufuatwa.

Kaya ya Mrima ilikuwa imetangazwa mnara wa taifa mwaka 1992, pamoja na kaya nyingine nyingi za Kwale. Kwa hiyo tangazo la miaka ya nyuma kwenye gazeti la serikali, ambalo hakuna mtu aliyelisoma kwa furaha, lilikuja kuwa mojawapo ya ngao zilizokinga kilima. Fingo la karatasi, ukipenda.

Huo mwaka wa 1992 hautokei hewani. Katika miaka ya 1980 wanabotania, hasa Ann Robertson na Quentin Luke, walizunguka kaya moja baada ya nyingine wakiorodhesha mimea. Walikuta kwamba misitu hii midogo, mingine isiyozidi viwanja kadhaa vya mpira, ina miti isiyoonekana mahali pengine. Gigasiphon macrosiphon, kwa mfano, mti wenye maua meupe makubwa, unajulikana Kenya katika misitu michache ya Kwale, Mrima na Muhaka ikiwemo. Hakuna aliyeupanda kwa ajili ya sayansi. Umebaki kwa sababu mzee alisema hapa hapakatwi, na mjukuu akaogopa. Ile laana ambayo tunaicheka imetunza mbegu vizuri kuliko maabara nyingi.

Mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza kaya kadhaa kwenye orodha ya urithi wa dunia, Mtswakara, Gandini na Kinondo zikiwemo. Mwaka 2009 ikaongeza mila za kaya kwenye orodha nyingine: ya turathi zinazohitaji kuokolewa haraka. Zisome hizo orodha mbili pamoja. Ya kwanza inasema mahali ni pa thamani. Ya pili inasema wanaojua maana yake wanaisha.

Bei ya mvi

Kaya Kinondo, pale Diani, ndiyo rahisi kuingia. Imepokea wageni tangu 2001. Unavaa kaniki, unavua kofia, huchukui hata jani, hufanyi mahaba humo ndani, na mwongozaji anakuonyesha mti wa kukumbatia ili uuachie mizigo ya moyo. Watalii wanapenda. Ni njia nzuri ya kupata kipato bila kukata mti, na wenyeji walichagua wenyewe nini kionyeshwe na nini kifichwe. Mlango umefunguliwa nusu, na hiyo ni busara.

Lakini Samburu na Kinango hazina fukwe. Hakuna mtalii anayetoka hotelini kwenda kukumbatia mti kwenye jua la Taru. Huko hazina inategemea mtu mmoja mmoja: mzee anayejua njia ipi ni lango na ipi ni ya mbuzi. Na huyo mzee yuko hatarini kwa njia ambayo watu wa mjini hatupendi kuitaja. Kwa miaka mingi sasa, Kilifi na pia Kwale, wazee wameuawa wakiitwa wachawi. Ukichunguza mara nyingi unakuta shamba. Kijana anataka kuuza, mzee anakataa, mvi zake zinageuka ushahidi. Wako wazee wanaopaka nywele rangi nyeusi, si kwa urembo, kwa kuogopa.

Kwa wanaopenda hadithi za maajabu, hii ndiyo sehemu ambayo mwandishi wa filamu asingeithubutu. Walinzi wa ghala hawauawi na joka wala na jeshi la kigeni. Wanauawa na wajukuu, na sababu inayotolewa ni uleule uchawi ambao babu alikuwa akiutunza kwa niaba yao. Waingereza walitumia baruti mwaka 1914 na Kaya Fungo bado inatajwa. Panga la mjukuu linafanya kazi safi zaidi, kwa sababu linakata moja kwa moja kwenye kumbukumbu.

Nani aandike

Swali linalofuata ni lile ambalo vijana wenye simu huliuliza haraka: basi si turekodi? Tupige video, tuweke kwenye intaneti, yaishe.

Si rahisi hivyo, na hadithi ya vigango inaonyesha pande zote mbili. Kilichorudisha vigango viwili nyumbani ni picha. Lakini mwaka 1986 vigango vilikuwa tayari kwenye vitabu vya maonyesho Marekani, vimepigwa picha nzuri mno, na picha hizo zilipandisha hamu ya wanunuzi. Picha moja ni ushahidi, nyingine ni tangazo la biashara. Tofauti haiko kwenye kamera. Iko kwenye nani anaishika, na kama jina la mwenye kitu limeandikwa pembeni.

Ukitaka kuona ulinzi wa aina nyingine, tazama Panga ya Saidi, pango lililo kwenye vilima vya Kilifi. Mwaka 2021 wanasayansi walitangaza kwamba wamekuta humo kaburi la mtoto wa umri wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita, kaburi la zamani kuliko yote yanayojulikana Afrika. Wakamwita Mtoto. Alikuwa amelazwa kwa ubavu, amekunjwa, kama aliyewekewa kichwa mtoni. Pango hilo lilikuwa, na bado ni, mahali pa ibada kwa wenyeji. Hawakujua kuhusu Mtoto. Walijua tu kwamba pale ni mahali pa kuingia kwa heshima.

Sidhani hiyo ni bahati nasibu. Heshima ni namna ya kutunza usichokijua bado. Anayelinda kaya halindi tu fingo analolijua, analinda pia kile ambacho kizazi kingine kitakuja kukiuliza. Ndiyo maana daftari peke yake halitoshi. Daftari huhifadhi majibu ya maswali yaliyokwisha kuulizwa.

Kwa hiyo kama wewe ni mtu wa Kinango, Mariakani au Samburu uliyehamia mjini, kazi ipo, na haihitaji ruzuku. Muulize bibi jina la babu yake na la baba wa huyo babu, na walitoka upande gani wa kaya. Kama kulikuwa na kigango au koma kwenye boma, andika palisimama wapi na kwa ajili ya nani. Usiandike anachokukataza. Weka hayo kwenye familia, siyo mtandaoni. Siku stoo fulani ya mbali itakapotaka kurudisha kitu, kutakuwa na mtu wa kusema: huyo ni wetu, mleteni hapa.

Na ukipita Samburu, teremka ununue maji. Muuzaji akikuuliza unaenda wapi, unaweza kumjibu kwa neno lake mwenyewe: naenda kaya. Atajua unamaanisha nyumbani.